Semahoro na Mbio Zake Tatu

Watu wetu, wachunga ng'ombe wa milimani, walipofika Amerika walishika kila kazi ambayo mikono inaweza kushika. Louisville walifunga maboksi, Columbus waliwaogesha wazee wa watu, Buffalo walikunja mashuka ya hospitali mpaka vidole vikasahau kunyooka. Lakini kushindana kwa magari, kuzunguka mahali pamoja kama nzi ndani ya chupa mpaka mtu apeperushe bendera, hiyo hakuna aliyeigusa kabla ya Semahoro. Na baada yake hakuna aliyeomba kuirithi.

Semahoro alikuwa kijana wa Louisville, dereva wa mashine ya kuinua mizigo ghalani, mpole kupita kiasi. Aliyemlea ni shangazi yake, Nyirangabo, ambaye Mungu alimpeleka Buffalo, mtaa wa Black Rock, kwenye nyumba ya mbao iliyopakwa rangi pande tatu kwa sababu rangi iliishia hapo. Mwaka huo wa 2015 Nyirangabo alikuwa na jambo moja kubwa: kumwoza mtoto wake huyo. Mchumba alikuwa Gaju, binti wa Mzee Karekezi wa Westerville, kule Columbus. Siku ya kuposa ilishapangwa, mwezi wa tisa. Kazi ya Semahoro ilikuwa kukaa kimya tu, asiharibu kitu mpaka siku ile ifike. Nyirangabo hakuona ugumu. Huyu mtoto, alijiambia, hata kuku hajawahi kumkimbiza.

Basi jioni moja ya mwezi wa sita simu ikalia.

"Shangazi, leo nimeendesha gari la mashindano."

Nyirangabo alikuwa anachambua maharage. Akaweka sinia chini.

"Gari la nani?"

"La Mzee Vernon, fundi wa pale kazini."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Ndani yake, Shangazi. Mimi ndiye dereva."

Ilikuwa hivi. Vernon alikuwa na gari kuukuu, viti vimeng'olewa, vioo vimetolewa, namba imechorwa mlangoni kwa brashi. Dereva wake alikuwa amevunjika mkono. Vernon alimtazama Semahoro akirudi kinyumenyume na mashine kati ya rafu bila kugusa hata boksi, akamwomba amsaidie. Na Vernon alikuwa na mvi. Mzee mwenye mvi akikuomba kitu, unaanzia wapi kusema hapana?

"Umeumia?" Nyirangabo akauliza.

"Hapana."

"Umeumiza mtu?"

"Hapana kabisa."

"Bon. Ulikuwa wa ngapi?"

"Nilikuwa nyuma."

"Nyuma ya nani?"

"Ya wote, Shangazi. Lakini niliwarudisha wote. Hakuna hata mmoja aliyebaki njiani."

Nyirangabo akafumba macho. Alielewa kabla hajaelezwa. Kule milimani mchungaji hatembei mbele ya ng'ombe. Anayetangulia atajuaje nani anachechemea, nani ameingia shamba la watu? Semahoro tangu utoto alitembea nyuma ya mikia ya ng'ombe wa baba yake, na alipowekwa nyuma ya usukani, miguu ilifanya kile ilichofundishwa. Alikaa nyuma akiyasoma magari: hili jekundu linavuta kushoto, lile la kijani linatoa moshi likiingia kona, lile jeupe lina hasira. Yote yalipofika salama, yeye akaingia wa mwisho, ameridhika kama mtu aliyefunga zizi.

Vernon alitupa kofia yake chini. Kisha akamweleza kwa mikono yote miwili kwamba katika mchezo huu kikombe huchukuliwa na wa mbele. Semahoro alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akauliza, "Na nyuma anabaki nani?"

Vernon akaenda kuokota kofia.

Mbio za pili zilikuwa Columbus, mwezi wa saba. Vernon alilivuta gari kwa trela, akimhubiria Semahoro njia nzima: usikae nyuma, usikae nyuma. Gaju alikuja na rafiki zake wawili na mwavuli. Kura ilimweka Semahoro mstari wa mbele kabisa, na bendera iliposhuka alitoka vizuri. Vernon akaanza kucheka peke yake.

Mara nyuma ya Semahoro likaja gari linanguruma, limembana mgongoni. Semahoro akatazama kwenye kioo kidogo cha kuonea nyuma, akaona ndevu nyeupe. Akasogea pembeni, akainua mkono kumsalimia yule mzee apite. Akaja mwingine. Sasa, ukishampisha wa kwanza, huyu wa pili utamwambia nini? Mpaka mbio zinakwisha alikuwa amewapisha wote, kila mmoja na salamu yake, akaingia nyuma yao na vumbi lao.

Gaju alimngojea kwenye uzio.

"Semahoro, ile ilikuwa mashindano ao ilikuwa mlango wa kanisa? Nimeona unakaribisha watu."

"Simba mwenda pole ndiye mla nyama," Semahoro akasema, anajifuta uso.

"Simba gani huyo anakula vumbi?"

Rafiki zake wakaangukiana kwa kicheko. Gaju akasogea karibu, akapunguza sauti. "Sikia. Mimi naweza kuolewa na dereva. Hata na mchunga ng'ombe naweza. Lakini mpite mmoja tu, hata mmoja, nipate cha kuwajibu hawa."

Mmoja wa wale rafiki alikuwa amepiga video, akaitupa kwenye kundi la simu la kanisa. Kabla mhubiri hajafungua ibada ya Jumapili, video ilikuwa imeshafika Louisville na Buffalo. Ndani yake huwezi kuona kwamba Semahoro anaenda taratibu. Unaona moshi, unasikia mngurumo kama wa siku ya mwisho, na namba inapita. Mzee Karekezi aliitazama akiwa ameongeza sauti mpaka mwisho.

Sasa, Mzee Karekezi ni mtu gani? Ni mzee wa kanisa ambaye huendesha gari lake pale Westerville mpaka baiskeli zinamwonea huruma. Mkanda hufunga hata akiwa anangojea mtu mbele ya nyumba. Alimpigia Nyirangabo siku ileile.

"Dada Nyirangabo, ile mutoto yenu iko nacheza na kifo."

"Mzee, ni mchezo wa magari tu. Tena alikuwa wa mwisho."

"Wa mwisho njo anakufaka wa kwanza! Vumbi yote inamuingia mu macho." Akavuta pumzi. "Mimi sikumuzaa Gaju juu akuwe mujane mbele ya kuzaa. Donc, siku ya kuposa mutakuja, sitafunga mulango, sisi si bapagani. Soda mutakunywa. Lakini jibu nimeshamupa musemaji wetu Ngarambe. Itakuwa hapana, na haitakuwa hapana ya muchezo."

Hapo ndipo penye kazi. Kwetu, siku ya kuposa, kila upande huwa na msemaji wake, na upande wa binti ni lazima ukatae kwanza. Wanakataa kwa mchezo: binti hayupo, binti ni mdogo, nyinyi ni nani, mmepotea njia. Upande wa kijana unajishusha, unasifu, unarudisha utani kwa utani, watu wanacheka mpaka kukubali kunakuja kwenyewe. Lakini hapana ya kweli inaweza kuingia imevaa nguo zilezile za hapana ya mchezo, na wageni wakaendelea kucheka wakati posa imeshakufa.

Nyirangabo aliomba kwanza. Alipoinuka magotini akampigia Semahoro.

"Mwanangu, achana na hiyo gari."

"Shangazi, nilishampa Mzee Vernon neno. Imebaki moja tu, huko kwenu Buffalo. Baada ya hiyo, basi."

Aliyemfundisha kwamba neno likitoka halirudi ni yeye mwenyewe, tena kwa fimbo.

"Basi nitakuja nikuangalie," akasema. "Kama ni kufa, ufe nikikuona."

"Sifi, Shangazi."

"Hiyo si wewe unayepanga."

Mwezi wa nane, Jumamosi, kukawa na mambo mawili Buffalo. Kwenye kanisa moja la West Side kulikuwa na kusanyiko la maombi, wageni wametoka hata Columbus, na Mzee Karekezi ameketi benchi la mbele. Na nje ya mji, mchana, kulikuwa na mbio. Wakati wa chakula Mzee Karekezi alisema kichwa kinamuuma, anakwenda kujilaza kwa mwenyeji wake. Watu wakampa pole. Nyirangabo naye akatoka kimya, mwanawe Mizero akampeleka uwanjani na kumwacha langoni.

Aliketi benchi la chini, kitenge amekifunga masikioni. Vumbi, moshi, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Nyirangabo ni mtu ambaye akiingia mahali popote hutazama kwanza mlango, kisha watu. Akautazama mlango. Akawatazama watu. Juu kabisa, kwenye pembe, akaona kofia imeshushwa mpaka nyusi. Chini ya kofia palikuwa na koti zito, kwenye joto lile la mwezi wa nane, na kola yake imesimamishwa. Juu ya magoti palikuwa na Biblia ndani ya mfuko wake wa zipu.

Nyirangabo akageuza uso mbele taratibu, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mkwe anaoga.

Bendera ikashuka. Semahoro akakaa nyuma. Nyirangabo akamshukuru Mungu. Mizunguko ya kwanza yote alikaa nyuma, anayasoma yale magari kama alivyozoea. Halafu, sijui ni Vernon aliyemuingia akilini au ni wale rafiki wa Gaju, gari la bluu lilipotanuka kwenye kona, yeye akapita ndani. Akainua mkono kuomba samahani. Akapita jingine. Samahani. Watu wakaanza kusimama.

Ndipo juu kwenye pembe ikatoka sauti ya nyumbani.

"Kushoto! Weye, kata kushoto! Iko wazi!"

Nyirangabo hakugeuka.

"Pita! Mupite ule mwekundu! Unangojea nini, chai?"

Kofia ikaporomoka, ikatua benchi mbili chini. Hakuna aliyeifuata. Wamarekani waliokuwa karibu walimpa mzee nafasi, kisha nao wakaanza kupiga kelele pamoja naye, "Pita! Pita!" bila kujua wanasema nini, lakini wanaona inafanya kazi.

Mzunguko wa mwisho mbele ya Semahoro likabaki gari moja tu, la manjano. Kwenye kona ya mwisho likakohoa. Likatoa moshi, likapungua mwendo, likapungua, kama ng'ombe aliyeona zizi lakini nguvu zimekwisha. Njia ikawa wazi. Uwanja mzima ulikuwa wima. Hata Nyirangabo alisahau nafsi yake, akasema "Pita," mara moja, kidogo.

Semahoro hakupita. Alilifuata lile gari kwa nyuma, akaweka bampa juu ya bampa, polepole, vile anavyoweka mashine chini ya mzigo usiotakiwa kuvunjika. Akalisukuma. Akalisukuma mpaka likavuka mstari. La manjano la kwanza, Semahoro wa pili.

Kisha kutoka juu, kilio cha mtu aliyeunguliwa na nyumba:

"Mungu wangu, amemusukuma!"

Wasimamizi walikuja mbio. Kusukumana vile kumekatazwa, walisema, na wote wawili wakafutwa, wa kwanza na wa pili. Dereva wa manjano alimkumbatia Semahoro akambusu juu ya kofia ngumu, lakini hiyo haikubadilisha kitu. Semahoro aliambiwa asirudi pale tena. Safari hii Vernon hakutupa kofia. Aliketi juu ya tairi akacheka mpaka machozi, halafu akaliuza gari kwa mtu aliyetaka redieta. Na hivyo ndivyo kazi ile ilivyokwisha: mara mbili wa mwisho, na mara moja hayupo kabisa.

Nyirangabo alipotazama juu, pembe ilikuwa tupu. Jioni alirudi kwenye kusanyiko, akamkuta Mzee Karekezi amesimamishwa kufunga kwa sala. Mzee alifungua mdomo, na sauti haikutoka. Ilitoka kama upepo chini ya mlango.

"Mzee ameomba sana," watu wakanong'onezana.

"Amina," akasema Nyirangabo.

Siku ya kuposa ikafika. Sebule ya Mzee Karekezi ilijaa viti vya kuazima, upande wetu huku, upande wao kule. Mzee mwenyewe alikaa katikati, uso kama jiwe. Kwa desturi baba wa binti hasemi neno. Ulimi wake siku hiyo ni msemaji, na baba anayefungua mdomo amebomoa ua wake kwa mikono yake. Msemaji wake alikuwa Ngarambe, mtu makini. Wetu alikuwa Gakwaya, mwenye mdomo wa asali.

"Tumesikia kijana wenu ana kazi ya kuzunguka," Ngarambe akaanza. "Anazunguka, anazunguka, anarudi palepale. Mtoto wetu mkimpa huyo, atafika wapi?"

Watu wakacheka.

"Anayezunguka hapotei, Mzee," Gakwaya akajibu. "Mlango wa nyumbani anaupitia kila mara. Ni wangapi hapa wake zao wanaweza kusema hivyo?"

Wakacheka zaidi, hasa akina mama. Ngarambe akamtazama Karekezi pembeni. Karekezi akatikisa kichwa, kidogo sana. Ngarambe akaweka glasi chini, na kicheko chake kikabaki kwenye glasi.

"Utani ni mzuri," akasema. "Lakini sasa niseme bila utani."

Nyirangabo aliliona lile tikiso la kichwa. Nyuma ya mlango wa chumba, alikokuwa Gaju na wasichana wenzake, kulinyamaza. Semahoro alikuwa anatazama viatu vyake. Maneno mawili tu ya Nyirangabo, kofia na koti, yangetosha kumaliza jambo lile. Lakini kumvua mzee mbele ya wakwe? Hapana, afadhali posa ife. Akainama kwenye sikio la Gakwaya.

"Muulize tu nani kati yao alimwona kwa macho."

Gakwaya akauliza.

"Nani kati yetu anaweza kukanyaga mahali kama pale?" Ngarambe akajibu. "Sisi tumesikia. Louisville wa mwisho. Columbus wa mwisho. Buffalo wa mwisho tena, mpaka wakamfukuza."

"Buffalo hapana."

Hakuna aliyejua sauti imetoka wapi, kwa sababu haikutakiwa kutoka pale ilipotoka. Ngarambe akageuka. Mzee Karekezi alikuwa anaitazama soda yake.

"Endelea," akasema.

"Nilikuwa nasema, Buffalo alikuwa wa mwisho..."

"Wa pili!" Mzee Karekezi alikuwa amesimama. "Wa pili, Ngarambe! Kitu hukuona usikiseme! Alipita ule wa bluu, akapita ule mwekundu, akapita babili kwa mara moja! Na ile ya manjano ilikuwa imeshakufa! Njia iko wazi, hata mimi ningepita! Na huyu..." Kidole kikamwelekea Semahoro. "Huyu anaisukuma! Kama ng'ombe ya mugonjwa! Ushindi ilikuwa yake, akampa muzungu!"

Soda zilisikika zinachemka kwenye glasi.

Mkewe, Nyiramahirwe, akageuza shingo polepole. "Baba Gaju. Buffalo si ulikuwa ku maombi?"

"Nilikuwa."

"Si ulisema kichwa inakuuma?"

"Ilikuwa inauma."

"Na ile sauti ulirudi bila yake, iliisha kwa nani?"

Nyuma ya mlango wasichana wakapasuka. Gakwaya akasimama, akavuta koti lake likakaa sawa, akangoja kelele zitulie.

"Wazee wangu," akasema, "sisi tulikuja na msemaji mmoja. Tunashukuru, mmetuongezea wa pili, tena anasema vizuri kunishinda. Kule milimani mtu akimwona kijana anasingiziwa, akasimama kumtetea mbele ya watu, kijana huyo ni wa nani kama si wake?"

Mzee Karekezi bado alikuwa wima. Akamtafuta Nyirangabo kwa macho. Nyirangabo alikuwa anatazama mikono yake, uso umetulia kama wa mtu anayengojea meza ya Bwana.

"Dada," mzee akasema, "weye uliniona?"

"Mzee, mimi niliangalia mbele."

Mzee akaketi. Alimtazama Ngarambe, ambaye alikuwa anazitazama kucha zake. Alimtazama mkewe, akaacha haraka. Kisha akajifuta paji la uso.

"Bon," akasema. "Leteni maziwa."

Na maziwa yakishanyweka, hakuna anayerudi nyuma. Vigelegele vilianza chumbani kabla kibuyu hakijafika sebuleni. Kikazunguka upande wao, kikaja upande wetu, na kilipofika kwa Semahoro, Mzee Karekezi akainama kumfikia.

"Lakini ulipaswa kumupita."

"Ndiyo, Mzee."

"Siyo ndiyo Mzee. Juu ya nini hukumupita?"

Semahoro akajifuta maziwa mdomoni. Aliwaza kweli, kama mtu ambaye ndio kwanza anaulizwa.

"Alikuwa amebakiza kidogo tu kufika, Mzee."

Mzee Karekezi akampokonya kibuyu, akanywa tena, ingawa zamu haikuwa yake.